Gari Lililosomea Katika Barabara Zetu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika ukumbi wa shule)



Nilipoombwa kuzungumza niliambiwa nichague jambo ninalolijua vizuri. Kazi yangu kwa miaka zaidi ya arobaini imekuwa ufundi wa magari, basi sitajitia kusema juu ya sheria wala uganga, maana wenye kuyajua hayo nawaona wamekaa safu ya mbele. Nitasema juu ya gari la Datsun. Vijana watauliza, Datsun ndiyo nini? Wazee hawataniuliza. Wengi wao walijifunza kuendesha ndani yake, na mmoja, ambaye simtaji kwa sababu mkewe yuko hapa, alikwenda kuposa nalo.

Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni habari ya watu waliotengeneza kitu chepesi, chenye mbio, na cha bei ambayo mwalimu au karani angeweza kuiwaza bila kucheka. Pili, sehemu ya elimu yao waliipatia hapa kwetu, na hilo lina maana kwa shauri lililo mezani leo.

Asili ya jina

Mwaka 1911 mhandisi mmoja wa Kijapani, Masujiro Hashimoto, alifungua kiwanda kidogo mjini Tokyo. Mwaka 1914 kikatoa gari lililoitwa DAT, kwa herufi za kwanza za majina ya watu watatu waliomsaidia: Den, Aoyama na Takeuchi. Kwa Kijapani neno hilo linakumbusha pia sungura anapochomoka mbio. Sungura sisi tunamfahamu. Hana pembe wala kucha za kutisha, lakini katika hadithi za bibi zetu ndiye anayewatoa jasho simba na fisi.

Mwaka 1931 likaja gari dogo zaidi, likaitwa Datson, yaani mwana wa DAT. Lakini sauti ile ya mwisho kwa Kijapani inafanana na neno la hasara, na ni mfanyabiashara gani atakayeuza gari liitwalo hasara? Wakabadili herufi moja, likawa Datsun, na mwana akageuka jua. Mwaka 1933 Yoshisuke Aikawa akaanzisha kampuni huko Yokohama, ambayo kuanzia mwaka 1934 iliitwa Nissan, nayo ikaendelea kuyatengeneza magari hayo.

Vita Kuu ya Pili ikaiacha Japani magofu. Mwaka 1952 Nissan ilipatana na kampuni ya Austin ya Uingereza iunganishe magari ya Austin. Vijana, sikilizeni hapa. Walianza kwa kufunga vipande vilivyotoka Uingereza. Baada ya miaka michache kila kipande, toka injini hadi komeo la mlango, kilikuwa kimetengenezwa Japani kwenyewe. Hawakuona haya kuwa wanafunzi, lakini pia hawakukubali kubaki wanafunzi maisha yao yote.

Mtu aliyependa magari

Katika kampuni ile alikuwapo mtu aitwaye Yutaka Katayama. Mwaka 1958 alipeleka magari mawili madogo kwenye mashindano ya kuizunguka Australia, safari ya kilomita elfu kumi na kitu. Magari yakapewa majina Fuji na Sakura. Injini zake hazikuzidi sentimita za ujazo 1,000, nguvu ya pikipiki ya siku hizi. Fuji likashinda katika daraja lake.

Mwaka 1960 Katayama alipelekwa Marekani kutazama biashara. Wakubwa wengine walidhani wamemtupa mbali, maana hakuwa mtu wa kusema ndiyo bwana kila wakati. Huko aliyakuta magari ya Datsun ni imara kama jiwe, lakini mazito na dhaifu wa mwendo kwa barabara kuu za kule. Hakuyafunika makosa. Aliandika Tokyo, akaandika tena: tupeni injini yenye nguvu, tupeni breki zinazofaa, tupeni gari ambalo mtu atafurahi kulishika usukani. Miaka ikapita kabla hajasikilizwa.

Jibu lilikuja mwaka 1967: Bluebird ya namba 510, ambayo wengi wetu tuliijua kwa jina la Datsun 1600. Ukiitazama kwa nje ni sanduku lenye magurudumu. Uzuri wake ulikuwa chini. Wakati ule magari mengi ya bei hiyo yalikuwa na ekseli moja ya nyuma iliyopita toka gurudumu hadi gurudumu, kama mti wa mkokoteni: gurudumu la kushoto likipanda jiwe, la kulia nalo husumbuka. Katika 510 kila gurudumu la nyuma lilikuwa na mkono wake na springi yake. Moja likiruka, jingine linaendelea kuishika ardhi. Injini yake ya lita 1.6 ilikuwa na kamshafti juu ya silinda, jambo lililokuwa la magari ya bei kubwa. Na bei yake Marekani ilikuwa takriban dola 2,000. Mwaka 1971 na 1972 gari hilo lilitwaa ubingwa wa magari madogo katika mashindano ya Trans-Am kule Marekani, likiyaacha nyuma magari ya Ulaya yenye sifa kubwa.

Kisha, mwishoni mwa mwaka 1969, likatoka 240Z. Kule Japani liliitwa Fairlady, kwa kuwa mkuu wa kampuni alipenda mchezo mmoja wa kuigiza wa jina hilo. Katayama alisema hakuna Mmarekani atakayenunua gari la mbio lenye jina la bibi mpole, akaamuru vibao ving'olewe na mahali pake ipachikwe namba ya kiwandani. Lilikuwa na boneti ndefu, viti viwili, na silinda 6 za lita 2.4. Bei yake ilikuwa dola 3,526 wakati Jaguar ya umbo kama hilo iliuzwa zaidi ya dola 5,000. Tena liliwaka asubuhi ya baridi bila kubembelezwa, na vipuri vyake vilipatikana. Kufikia mwaka 1978 yalikuwa yameuzwa zaidi ya nusu milioni ya aina hiyo.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye siri ya mvuto wake. Kabla ya hapo, mtu wa kipato cha kadiri aliyetaka gari lenye furaha alichaguliwa moja kati ya mawili: gari zuri asiloweza kulinunua, au gari analoweza kulinunua ambalo litamlaza njiani. Datsun ilikataa kwamba rahisi lazima iwe ghali. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Hawa walipika kwa kilicho rahisi, na chungu hakikupasuka.

Shule ya vumbi na matope

Sasa nije nyumbani. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakawa yanafanyika wakati wa Pasaka, yaani wakati mvua inapoamua yenyewe kama barabara iko au haiko. Nissan walikuja mara ya kwanza mwaka 1963. Mwaka ule yalianza magari 84, yakamaliza 7. Ya kwao hayakuwamo.

Wangeweza kusema barabara za Afrika ni mbovu na kwenda zao. Walirudi. Mwaka 1966 Bluebird ikashinda daraja lake, na Wajapani wakafurahi hata ikatengenezwa sinema mwaka 1969, na mwigizaji wao mashuhuri Yujiro Ishihara akacheza dereva. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, mkazi wa Kenya, akashinda mashindano yote kwa Datsun 1600. Mwaka 1971 akashinda tena, safari hii kwa 240Z, na Shekhar Mehta akafuata wa pili kwa gari kama hilo hilo. Mwaka 1973 Mehta na Harry Källström wa Uswidi, wote katika Datsun, walimaliza wakiwa sawa kwa pointi za adhabu, na kanuni ikampa Mehta ushindi. Halafu Mehta huyo huyo, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, akashinda mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982, minne mfululizo, kwa Violet, gari ambalo mwenzake wa dukani lilikuwa la kupelekea watoto shuleni.

Mwaka ule wa 1973 nilikuwa kidato cha pili, nyumbani kwa likizo. Njia ya mashindano ilipita si mbali na kwetu, nasi tulikuwa tumesimama toka alfajiri, tukiwa tayari kusukuma atakayekwama. Gari moja likaingia mahali mafundi walipokuwa wakingoja. Wakalirukia wote pamoja, wakafungua, wakafunga, likaondoka kabla vumbi halijatua. Watoto wenzangu walilikimbilia gari. Mimi nilibaki nikimtazama fundi mmoja wa Kijapani. Alikiokota kile kipande kilichovunjika, akakifuta matope, akakigeuza mwangani, akaandika jambo katika daftari, kisha akakifunga katika kitambaa na kukiweka sandukuni kama mtu anayeweka yai. Sikuelewa kwa nini mtu asafirishe chuma kilichovunjika hadi ng'ambo ya bahari. Nilikuja kuelewa baadaye, nilipokuwa na spana yangu mwenyewe. Kipande kile kilikuwa barua. Kilikuwa kinawaambia mahali chuma kilipochoka, na kwa nini.

Huo ndio ukweli ninaotaka mwondoke nao. Korongo zetu, mawe yetu na matope yetu yalikuwa karakana ya kampuni ya Yokohama. Walipata kwetu elimu isiyopatikana katika barabara laini. Leo gari la Herrmann la mwaka 1971 linatunzwa huko Zama, Japani, katika hifadhi yao ya magari ya kale, likiwa bado na makovu ya safari ile. Na sisi tulibaki na nini?

Tusijidharau. Tulibaki na madereva mabingwa, na tulibaki na mafundi wa jua kali wanaoweza kuifungua injini ya Datsun na kuifunga gizani. Kenya jina la Nissan likawa jina la matatu ya abiria 14, hata mtu husema anapanda nissan bila kuwaza kampuni. Lakini wengi wetu tuliyashangilia magari yakipita, tukafuta vumbi usoni, tukarudi nyumbani. Wao waliondoka na daftari.

Karakana yetu

Jina la Datsun lilianza kuondolewa mwaka 1981, na kufikia 1986 magari yote yaliuzwa kwa jina la Nissan. Lilirudishwa mwaka 2013 kwa magari ya bei nafuu, likafa tena mwaka 2022. Katayama alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 105, akiwa amewekwa katika jumba la heshima la watu wa magari nchini Marekani. Majina hupita. Maarifa hubaki kwa aliyeyashika.

Nanyi vijana mnaopenda mbio, neno moja. Magari yale yalisifiwa kwa sababu yalitii: yalikata kona na yalisimama yalipotakiwa kusimama. Anayekanyaga mafuta asiyejua breki hana habari ya gari. Nimeyavuta magari mengi toka mitaroni, na baadhi ya waliokuwa ndani niliwajua kwa majina.

Ndugu Mwenyekiti, katika ajenda ya leo kuna pendekezo la kuivunja karakana ya shule, ambayo kwa miaka imekuwa ghala la viti vibovu, ili mahali pake pajengwe ukumbi mpya. Siupingi ukumbi. Ukumbi huu tulioketi ulikuwa mdogo hata wakati wetu. Lakini kiwanja cha shule ni kikubwa, na karakana ni moja. Mtoto anayesoma habari za pistoni ubaoni ni kama sisi tuliosimama kando ya njia: ataliona gari likipita. Atakayeishika pistoni mkononi, akaona ilipokwaruzwa na kuuliza kwa nini, huyo ndiye mwenye daftari.

Kwa hiyo naomba ukumbi ujengwe upande wa kiwanja cha mpira wa mikono, na karakana ifunguliwe. Mimi natoa injini ya Datsun 1200, iliyo nzima, pamoja na stendi yake na seti moja ya spana. Nitakuja kila Jumamosi muhula mzima kuifungua na kuifunga pamoja na wanafunzi watakaotaka kuchafua mikono. Mwenye mashine ya kuchomelea iliyolala nyumbani ailete. Mwenye bati alete bati, kwa maana paa linavuja. Asiye na kitu alete kijana wake.

Na kipande cha kwanza kitakachovunjika katika karakana ile, nawaomba walimu wasikitupe. Kiwekwe mezani, kiandikwe tarehe, na kila mwanafunzi aeleze kwa nini kimevunjika.