Shilingi ya Umma na Njia Inayopita



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo aghalabu hutumiwa kuwaonya wafanyabiashara, lakini hakuna mali inayouhitaji zaidi kuliko mali ya umma. Mwenye duka akipotelewa na shilingi, huona uchungu siku ile ile. Umma ukipotelewa na shilingi, hakuna mtu mmoja anayeona uchungu. Kwa hiyo hapana budi daftari liseme kwa niaba yetu sote. Leo napenda tuifuate shilingi ya umma tangu inapotoka mkononi mwa mwananchi hadi inapoingia Hazina, ili tuone ni wapi inalindwa na ni wapi hupotea.

Tuanze na sheria. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 138, yasema kwamba hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Ibara ya 135 yaagiza kwamba mapato ya Serikali yaingizwe katika mfuko mmoja, yaani Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali, isipokuwa fedha ambazo sheria yenyewe imezitenga kwa shughuli maalumu. Na ibara ya 136 yaweka masharti ya kuzitoa fedha hizo. Maana yake ni kwamba fedha za umma zina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na milango hiyo si mmoja.

Ndiyo maana kutumia fedha mbichi ni kosa. Mkuu wa ofisi akipokea ada asubuhi, na jioni akazitumia kununulia karatasi za ofisi kabla hazijafika benki, huenda karatasi zile zilihitajiwa kweli. Lakini ameufunga mlango wa kuingilia na ameuvunja ule wa kutokea. Hakuna Bunge lililoidhinisha, wala hakuna daftari litakaloonyesha kwamba fedha zile ziliwahi kuwapo. Anayezoea kununua karatasi kwa njia hiyo hatashindwa kununua kitu kingine.

Wakusanyaji ni wengi. Tangu tarehe 1 Julai 1996, kodi za Serikali Kuu hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995 na kuzipokea kazi za idara za kodi zilizokuwa chini ya Wizara ya Fedha. Wizara na idara nazo hukusanya maduhuli, kama vile ada na faini. Halmashauri hukusanya ushuru wa mazao, leseni na kadhalika. Hivyo mtumishi anayeishika shilingi ya umma kwa mara ya kwanza si lazima awe mtu wa kodi. Huenda ni karani wa wilaya, au mtendaji wa kijiji.

Kwa miaka mingi mlinzi wa shilingi hiyo alikuwa kitabu cha stakabadhi chenye namba zinazofuatana, na karatasi ya kaboni katikati. Mlipaji aliondoka na nakala ya juu, na nakala ya chini ilibaki kitabuni. Wajanja waliugundua udhaifu wake mapema: kuiondoa kaboni, kumwandikia mlipaji shilingi 50,000, kisha kuandika 5,000 kitabuni. Dawa yake inajulikana kwa kila mhasibu: anayekadiria asiwe ndiye anayepokea, anayepokea asiwe ndiye anayeandika daftari la fedha, na anayeandika asiwe ndiye anayelilinganisha daftari hilo na taarifa ya benki. Pale ambapo mtu mmoja anafanya yote manne, hesabu zitakuwa safi siku zote, na fedha zitakuwa pungufu siku zote.

Mwaka 2017 Serikali ilianzisha mfumo wa kupokea malipo kwa njia ya kielektroniki. Mlipaji hupewa namba maalumu ya malipo, ambayo wananchi huiita kontrol namba, akalipa benki au kwa simu, na karani asiiguse fedha kabisa. Haya ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, mashine hulinda kile tu ilichoambiwa. Gunia lililopita kizuizini bila kuandikwa halina namba. Na mwananchi aliyeshawishiwa atoe fedha taslimu ili mambo yaende haraka hatajulikana na mashine yoyote.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi tuliomo humu ndani. Kodi ya ongezeko la thamani ilianza Tanzania Bara tarehe 1 Julai 1998, kwa kiwango cha asilimia 20, na mwaka 2009 ikashushwa hadi asilimia 18. Tuchukue mfano kwa kiwango hicho cha 18. Mwenye duka la jumla amemuuzia mwenye duka la rejareja bidhaa ya shilingi 100,000, na kodi juu yake ni shilingi 18,000. Huyu wa rejareja anaiuza kwa shilingi 150,000, na kodi ni shilingi 27,000. Apelekapo hesabu, hupunguza zile 18,000 alizokwisha kulipa, akapeleka 9,000. Lakini hawezi kuzipunguza asipokuwa na stakabadhi. Kwa hiyo mfanyabiashara anayenunua humlazimisha anayemuuzia aandike, maana ana faida yake katika maandishi hayo.

Mnyororo huo hukatikia kwa mnunuzi wa mwisho. Yeye hana cha kupunguza. Amelipa 27,000 zote kutoka mfukoni mwake. Mashine za EFD za kutolea stakabadhi zilianza kutumika mwaka 2010 ili kuziba tundu hilo, na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 ikamhesabu mwenye kosa hata mnunuzi asiyedai stakabadhi. Lakini sote tumekwisha kuulizwa dukani: "Wataka bei ya risiti au bila risiti?" Na wengi wetu tumechagua ile iliyo nafuu.

Ndugu zangu, tufikiri. Mshahara wa mwalimu hukatwa kodi kabla haujamfikia. Yeye hawezi kuuficha, wala hawezi kuahirisha. Mwalimu huyo huyo anapokubali bei ya bila risiti, anamsaidia aliye na uwezo wa kuficha afiche, na mzigo unazidi kuwaelemea wasioweza kuficha, naye akiwa wa kwanza miongoni mwao. Kisha mwezi ujao analalamika kwamba madawati hayatoshi na kwamba malimbikizo yake hayajalipwa.

Wazee wetu waliijua stakabadhi ya namna nyingine. Tangu Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na baadaye Waingereza na kodi ya kichwa, karatasi ile ilikuwa ya kumlinda mtu asikamatwe. Mwenye nguvu alimkagua mnyonge. Hata baada ya Uhuru, kumbukumbu hiyo haikufutika upesi. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Leo stakabadhi imegeuka: ni raia anayemkagua mpokeaji. Kuikataa ni kukataa cheo.

Mwisho wa njia yuko Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni, na taarifa yake humfikia Rais kabla ya mwisho wa Machi, ndipo ipelekwe Bungeni na kuchambuliwa na kamati za hesabu. Lakini mkaguzi huja baada ya safari kwisha. Hufuata nyayo, pasipo na nyayo hana la kufuata. Nyayo hizo huachwa na karani anayepeleka fedha benki siku ile ile, na mkuu wa shule anayebandika ubaoni mapato na matumizi ya shule yake. Huachwa pia na mnunuzi anayesimama dukani dakika moja zaidi kungoja karatasi yake.