Tutembee Kila Siku kwa Ajili ya Wenye Parkinson

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti, sokoni Katangi



Mzee anayetetemeka mkono si lazima awe amelewa au amerogwa. Huenda ana ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza mwaka 1817. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, hufa polepole. Hatua hufupika, mwili hukakamaa, hata kufunga kifungo cha shati huwa kazi. Bondia Muhammad Ali aliishi nao zaidi ya miaka 30.

Tiba ya kuuponya haijapatikana. Ipo levodopa, inayopunguza makali, lakini humezwa kila siku, kwa saa zake. Familia ikikosa pesa, mgonjwa hukwama kitini.

Kwa hivyo tunawaomba: mwezi wa Aprili, wenye Siku ya Parkinson Duniani tarehe 11, tembea dakika 30 kila siku. Tafuta jamaa wa kukuahidi shilingi 10 kwa kila siku utakayotembea. Siku 30 ni shilingi 300. Watu 100 ni shilingi 30,000 za dawa. Kila shilingi iandikwe, na hesabu isomwe hadharani hapa sokoni.

Mgonjwa naye asiachwe nyumbani. Mazoezi humsaidia kusimama imara na kupiga hatua, ingawa hayachukui nafasi ya dawa. Muulizeni daktari kwanza, kisha mwende naye kwa mwendo wake.