Kijiji cha Laxton na Baraza Lake la Mashamba



Tuliombwa kusimulia habari za kijiji cha Kiingereza, asili yake na maendeleo yake. Vijiji vya nchi ile ni vingi. Nasi tumechagua kimoja tu, Laxton katika jimbo la Nottinghamshire, kwa kuwa habari zake ni habari za ardhi, na katika mikutano yetu hakuna neno lisikilizwalo kwa makini kuliko hilo.

Jina la Laxton limo katika kitabu cha hesabu ya ardhi alichokiamuru Mfalme William mwaka 1086. Karibu na kijiji kingaliko kilima cha udongo, mabaki ya ngome ya mabwana wa Kinormani. Lakini si ngome iliyokipa kijiji hiki sifa, bali mashamba yake.

Zamani vijiji vingi vya sehemu za kati za Uingereza vililima kwa namna moja. Nyumba zilikaa pamoja kando ya njia, na nje yake palikuwa na makonde makubwa yasiyo na ua. Laxton ingali na matatu: South Field, Mill Field na West Field. Kila konde liligawanywa ngwe nyembamba, na mkulima mmoja alikuwa na ngwe hapa, nyingine kule, nyingine mbali kabisa. Mgeni angeweza kucheka, akisema mtu huyu humaliza siku njiani. Lakini udongo haufanani mahali pote, na kwa kuzitawanya ngwe hapakuwa na mtu wa kujitwalia rutuba yote, akamwachia jirani yake pabaya. Mwaka mmoja konde lilipandwa ngano, mwaka wa pili shayiri au kunde, mwaka wa tatu likapumzishwa. Mwaka 1635 Mark Pierce aliyachora haya yote katika ramani, ngwe kwa ngwe, nayo imehifadhiwa Oxford hata leo.

Kwingineko desturi hiyo ilivunjwa. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ardhi ua, zikahusu ekari milioni 6.8 hivi. Hatusemi kwamba hapakuwa na faida. Mkulima aliyekusanyiwa ardhi yake aliweza kujaribu mazao mapya pasipo kungoja jirani. Hoja iyo hiyo ililetwa kwetu Kenya katika mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954, na wazee waliopo wanajua jinsi ilivyopokewa. Lakini maskini wa Uingereza aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu, akimlisha katika malisho ya wote, alipofungiwa malisho alimwuza ng'ombe, akabaki kibarua.

Makonde ya Laxton yaliponea, ingawa yalipungua ukubwa, na ngwe ziliunganishwa zikawa chache na pana zaidi. Mwaka 1952 Earl Manvers alikiuza kijiji kwa Wizara ya Kilimo. Mwaka 1981 kikapewa Crown Estate. Na mwaka 2020 kikarudi kwa milki ya Thoresby, iliyokuwa ya akina Manvers.

Lililotupendeza kupita yote ni baraza lao. Kila mwaka, kuelekea mwisho wa Novemba, wakulima walioapishwa kuwa waamuzi hulizunguka konde lililopandwa ngano. Huchungua kama kuna aliyelima kupita mpaka, akaingia njiani au katika majani ya wote. Wakimwona, hupigilia vigingi mahali pa haki. Baada ya siku chache baraza hukutana katika nyumba ya kuuzia pombe, makosa yakasomwa mbele ya majirani, na mkosaji akatozwa faini. Mwaka 1977 Bunge lilipoyaondolea mabaraza ya namna hii mamlaka yake, la Laxton liliachiwa lake.

Faini zenyewe ni fedha kidogo. Twadhani aibu ya kusomwa jina mbele ya watu unaokutana nao kila asubuhi ni nzito kuliko fedha. Na mwamuzi wa mwaka huu aweza kuwa mkosaji wa mwaka ujao. Mzee aliye na swali juu ya vigingi hivyo na aulize.