Njia Ipimwe Kabla Mtambo Haujanunuliwa

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa umma na walimu kuhusu usafirishaji wa mizigo mizito na mipana katika barabara zetu.



Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kila mmoja wetu amepata kusimamishwa barabarani na askari, akaona magari yamepanga foleni pembeni, kisha tela refu lenye magurudumu mengi likapita polepole, limebeba mtambo uliofunikwa kwa turubai. Wengi wetu hunung'unika kwa kucheleweshwa. Wachache hujiuliza mtambo ule unakwenda wapi, nani aliupimia njia, na barabara itakuwa katika hali gani baada ya kupitiwa nao. Naomba leo tuyajibu maswali hayo, kwani majibu yake hayamhusu dereva peke yake. Yanamhusu hasa yule anayekaa ofisini na kutia sahihi hati ya ununuzi.

Biashara ya dunia ya leo imejengwa juu ya kontena. Kontena refu la kawaida lina urefu wa mita 12.19 na upana wa mita 2.44, na meli, behewa na lori vyote vimetengenezwa kulingana na vipimo hivyo. Lakini vyombo vingi vya kujengea nchi haviingii katika kontena. Buldoza, transfoma kubwa, boriti za daraja na mtambo wa kufua umeme, vyote hivyo husafirishwa juu ya tela la wazi, lisilo na kuta wala paa.

Matela hayo ni ya namna tatu. Lipo tela bapa la kawaida, ambalo sakafu yake huwa kiasi cha mita moja na nusu kutoka ardhini. Lipo tela la sakafu ya chini, ambalo kati ya kichwa cha gari na magurudumu ya nyuma limeteremshwa hadi chini ya mita moja. Faida yake ni dhahiri: kila sentimita iliyopunguzwa chini ni sentimita iliyopatikana juu, kwenye nyaya za umeme na madaraja ya kupita juu ya barabara. Tena lipo tela linaloungwa kwa vipande, lenye safu nyingi za ekseli, ambazo jeki za mafuta huziinua na kuzishusha ili mzigo ukae sawa hata barabara ikiinama.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni ya mwaka 2016, na hapa Tanzania ilianza kutumika mwaka 2019. Kikomo chake cha uzito wa gari pamoja na mzigo ni tani 56. Chukueni buldoza kubwa la tani 40. Ongezeni kichwa cha gari na tela, ambavyo peke yake huweza kuzidi tani 20. Jumla imekwisha kupita kikomo, na buldoza halikatwi vipande viwili kama mkate. Ndiyo maana hutolewa kibali maalumu.

Neno lenye uzito hapa ni mzigo usiogawanyika. Mwenye mtambo mmoja mzito anaomba kibali kwa sababu hana njia nyingine. Mwenye magunia ya saruji au marobota ya pamba hana sababu hiyo, maana anaweza kuteremsha magunia kumi akayapakia katika lori jingine. Ofisa anayevichanganya viwili hivyo, kwa uzembe au kwa kupewa chochote, anauza mali isiyo yake.

Anaiuza kwa bei gani? Walimu wa hisabati watanisaidia hapa. Kati ya mwaka 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani walifanya majaribio makubwa ya barabara katika jimbo la Illinois. Walipitisha malori ya uzito mbalimbali usiku na mchana juu ya lami waliyoijenga kwa ajili hiyo, wakaona kwamba uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito wa ekseli. Huongezeka kwa kadiri ya uzito huo uliopandishwa kwa kipeo cha nne. Kwa hesabu hiyo, ekseli yenye uzito maradufu huharibu barabara kiasi cha mara 16. Ekseli ya tani 12 inayopita mahali pa tani 10 huharibu kiasi cha mara mbili. Na ya tani 13, karibu mara tatu. Mwenye lori hupata faida ya tani mbili au tatu kwa safari moja, na taifa zima hulipa tofauti kwa miaka. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa njia hiyo hiyo haba na haba hubomoa barabara.

Hesabu hiyo ndiyo inayotueleza kwa nini tela la mzigo mzito lina magurudumu mengi. Tuseme transfoma ina tani 150, na tela lake pamoja na kichwa ni tani 50. Zikigawanywa tani hizo 200 sawasawa juu ya ekseli 20, kila moja inabeba tani 10, na lami inaweza kustahimili. Kwa hiyo jitu lile tunaloliogopa, likipangwa vizuri, huenda likaiumiza lami kidogo kuliko lori la kawaida lililozidishiwa mzigo kwa siri.

Hata hivyo, hapo pana mtego. Lami huhesabu ekseli moja moja, bali daraja huhesabu mzigo wote uliosimama juu yake kwa wakati mmoja. Kuongeza magurudumu hakulisaidii daraja ambalo tela zima limeenea juu yake. Kwa sababu hiyo mhandisi wa madaraja ni lazima aulizwe, na jibu lake liheshimiwe. Huenda akaagiza gari lipite peke yake, katikati ya daraja, kwa mwendo wa polepole, bila kufunga breki. Huenda akakataa kabisa.

Ndugu Mwenyekiti, tusimsahau dereva na utingo wake. Juu ya tela la wazi, mzigo unashikwa na minyororo, mikanda na kabari tu. Kanuni inayofuatwa Ulaya na Marekani ni kwamba vifungo viweze kuuzuia mzigo usiende mbele kwa nguvu iliyo sawa na sehemu nane za kumi za uzito wake, na usiende pembeni wala nyuma kwa nguvu ya nusu ya uzito huo. Buldoza la tani 40, basi, linadai vifungo vinavyozuia nguvu ya tani 32 kuelekea kwa dereva. Anayeteremka Kitonga na mzigo wa namna hiyo anajua maana ya tarakimu hizo kuliko sisi tulioketi hapa. Mnyororo mmoja uliochakaa unaweza kumwondoa yeye na familia iliyomo katika basi lililo mbele yake.

Nimesema kwamba jambo hili linaanzia ofisini, na ushahidi upo. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2019, lina mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Mahali pale palikuwa pori. Shehena ilishushwa katika bandari ya Dar es Salaam, nyingine ikachukuliwa na reli ya TAZARA hadi stesheni ya Fuga, kisha ikamalizia safari kwa barabara. Bandari, reli na barabara vilitazamwa kama njia moja.

Majirani zetu wa Kenya nao wana funzo. Katika mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana iliwekwa mitambo 365, na mabawa yake yana urefu wa kiasi cha mita 25 kila moja. Barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis ilitengenezwa upya ili mabawa hayo yaweze kufika. Mitambo ikawa tayari mwaka 2017. Lakini njia ya nyaya za kuusafirisha umeme ilichelewa, na umeme haukuingia katika gridi ya taifa mpaka mwaka 2018. Kiungo kimoja kikilegea, mnyororo mzima hauna kazi.

Tena kuna funzo la zamani zaidi. Meli ya Liemba, ambayo tunaiona katika Ziwa Tanganyika, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Haikubebwa nzima. Ilifunguliwa, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na kupelekwa Kigoma, ikaundwa tena na kushushwa majini mwaka 1915. Wakoloni walikuwa na shabaha zao, ambazo hatuzisifu. Lakini swali walilojiuliza ni lile tunalopaswa kujiuliza kila siku: je, mzigo huu hauwezi kweli kugawanyika?

Kutokana na hayo, napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila hati ya kununulia mtambo mkubwa ionyeshe uzito, urefu, upana na kimo cha kipande kikubwa kuliko vyote, na iambatane na taarifa ya mtu aliyeipita njia yote kwa kipimo mkononi, kutoka bandarini hadi mahali pa kazi. Kona, nyaya, makalavati na vibanda vya soko viandikwe. Pili, gharama ya kuimarisha daraja au kuinua nyaya iwekwe katika bei ya mradi tangu mwanzo. Mtambo uliokwama bandarini hulipiwa ghala kila siku, na wagonjwa wa wilaya iliyokuwa ikiungoja hutibiwa kwa taa ya chemli. Tatu, wananchi wa vijiji vya njiani waarifiwe mapema siku na saa ya kupita mzigo, kwa maana barabara ni yao, na mama mjamzito hawezi kungoja foleni.

Wapo watakaosema kwamba taratibu hizi ni ndefu na zinachelewesha maendeleo. Ni kweli kwamba kibali kinachokaa mezani wiki nne bila sababu ni aibu kwa ofisi, na humsukuma msafirishaji kupita usiku kwa kificho. Lakini dawa yake ni ofisa kufanya kazi upesi. Kuliacha daraja lipimwe kwa kubomoka si dawa.

Nanyi walimu, kazi yenu ni kubwa kuliko yetu. Siku tela hilo litakapopita mbele ya shule, watoeni watoto wasimame mahali pa salama, wahesabu ekseli, na wakirudi darasani wapige hesabu ya kipeo cha nne. Miongoni mwao yumo atakayekaa kwenye mizani miaka ishirini ijayo. Afadhali aijue gharama ya tani moja ya ziada kabla hajaombwa kufumba macho.