Matumizi Sahihi ya Dawa za Fangasi wa Ngozi



Masika ya hapa kwetu chini ya Mlima Meru huacha miguu imelowa ndani ya buti tangu alfajiri hadi jioni, na fangasi wa vidoleni hustawi. Wengi hununua krimu katika duka la dawa, hupaka siku nne, mwasho hutulia, tyubu hutupwa. Mwezi haujaisha, ugonjwa umerudi. Mwasho hutangulia kuondoka. Fangasi hubaki nyuma. Krimu ya clotrimazole hupakwa mara mbili au tatu kwa siku kwenye ngozi iliyokaushwa vyema, na huendelezwa wiki mbili baada ya dalili kutoweka.

Lililo zito zaidi ni krimu zituliazo mwasho kwa usiku mmoja. Geuza boksi usome viambato. Ukiona betamethasone au clobetasol, hiyo ina steroidi, hata kama imechanganywa na dawa ya fangasi. Hupunguza wekundu huku fangasi wakiendelea kuenea, na ikitumiwa muda mrefu ngozi huwa nyembamba. Isitumiwe bila ushauri wa daktari, hasa usoni na kinenani. Tusifichane: wapo wanaozinunua ili kung'arisha uso.

Mapunye ya mtoto hayaponi kwa krimu peke yake. Huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, mathalani griseofulvin, ambayo hufyonzwa vyema ikinywewa na maziwa. Nayo hapa si haba.

Mjamzito mwenye fangasi ukeni asimeze fluconazole aliyopewa na jirani. Aende kliniki.