Taa Ikiwaka, Inasema Nini?



Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni. Ilibeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kupima eksirei za angani. Waongozaji walikaa jukwaa jingine, Santa Rita, na amri zao zilipita katika nyaya. Mtu aliye mbali na chombo anachokiamuru hana budi kuamini taa na vipimo vilivyo mbele yake. Basi taa ikiwaka, inamwambia kwamba amri imetumwa, au kwamba kazi imefanyika?

Nitalichambua swali hili kwa kibodi, kwa kuwa haina gharama na kila mwanafunzi anaifikia. Wengi hudhani kitufe cha herufi kubwa huwasha taa yake chenyewe. Sivyo. Kitufe hupeleka namba tu. Mfumo endeshi ndio unaoamua maana yake, kisha unairudishia kibodi amri ya kuwasha. Kibodi ya IBM PC ya 1981 haikuwa na taa za namna hiyo. Zilikuja na PC AT ya 1984, kompyuta iliyoweza kuiamuru kibodi: inatuma 0xED, kibodi inaitikia 0xFA, kisha inafuata baiti moja ambayo biti zake tatu ni taa tatu.

Katika Linux, programu fupi ya C yatosha. Fungua konsoli ukiwa na mamlaka ya msimamizi, weka namba ya faili yake katika fd, kisha andika:

ioctl(fd, KDSETLED, 4);

Taa ya herufi kubwa itawaka. Sasa chapa jina lako: herufi ni ndogo vilevile! Kerneli huweka hali ya kibodi mahali pake na taa mahali pake, na sisi tumegusa taa peke yake. Ukitaka kugeuza hali yenyewe, tumia KDSKBLED. Ukitaka taa irudi kuifuata hali, ipe KDSETLED namba inayozidi 7. Nawasihi walimu wenzangu wasilipite zoezi hili haraka, kwa sababu hapo ndipo mwanafunzi anapoona kwa macho yake taa ikisema uongo.

Na uongo wa namna hiyo una historia nzito. Tarehe 28 Machi 1979, katika mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island, Marekani, vali moja ilikwama wazi. Taa yake ilizimika, kwa kuwa iliunganishwa na amri ya kufunga, si na vali yenyewe. Waendeshaji wakaamini imefungwa. Maji ya kupozea yalivuja kwa zaidi ya saa mbili, na sehemu ya kiini cha mtambo ikayeyuka.

Turudi kwenye kibodi. Kuna njia nyingine ya kuwasha taa katika C: kuandika tukio la EV_LED kwenye faili ya kibodi ndani ya /dev/input, kisha kuuliza kwa EVIOCGLED ni taa zipi zinawaka. Jibu linaonekana kama ushahidi, lakini ni kumbukumbu ya kerneli kuhusu ilichoamuru. Taa ikiwa imeungua, jibu halibadiliki.

Swali hili si la kibodi peke yake. Kando ya mto Sabaki, kule Baricho, pampu huvuta maji yanayonywewa Malindi, Kilifi na hadi Mombasa. Kesho mmoja wa wanafunzi wetu ataandika programu ya pampu kama zile. Namwomba achore kwanza waya wa taa: unaanzia kwenye swichi, au kwenye kipimo cha maji yanayopita ndani ya bomba? Ukianzia kwenye swichi, aukate, aanze upya kutoka kwenye bomba.