Dawa Ikishaanguka Chini Huenda Wapi?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Kaloleni)



Tangu wale viwavijeshi wapya waingie Kenya mwaka 2017, pampu ya dawa imekuwa kama jembe la pili. Haya, tunanyunyiza mahindi. Je, dawa ikishaanguka chini huenda wapi?

Nyingine hupeperuka, nyingine huharibiwa na jua. Lakini kazi kubwa hufanywa na vidudu wasioonekana kwa macho, bakteria na kuvu. Kijiko kimoja cha udongo mzuri kina mamilioni yao. Hao huila dawa kama wanavyokula majani makavu; huivunja vipande vipande mpaka ibaki hewa, maji na chumvichumvi. Ile dawa ya magugu iitwayo 2,4-D waweza kuimaliza kwa wiki chache. DDT ni habari nyingine. Huigeuza kuwa DDE, nayo ni king'ang'anizi, hukaa miaka na miaka. DDT ilipigwa marufuku mashambani Kenya mwaka 1986.

Sasa msiniambie, "Basi vidudu watatusafishia!" Wanataka unyevu, tena wanataka chakula, yaani samadi na majani yanayooza. Mchanga wetu mwepesi hauna chakula kingi, na tukichoma mabua tunazidi kuwanyima. Kiangazi udongo ukikauka wao hulala, dawa inangoja. Mvua ya mwaka ikishuka kwa kishindo, huikokota hadi bwawani tunakochota maji, sisi na ng'ombe.

Kinachoniuma zaidi ni pampu kuoshwa pale pale bwawani. Dawa haijapita udongoni hata kidogo! Hata ukiimwaga chungu nzima pahali pamoja, huwaua vidudu wenyewe. Changanya kiasi cha shamba lako tu, na maji ya kusuuzia uyanyunyize kwenye mahindi yale yale.

Kule Sweden, tangu miaka ya 1990, wakulima huchimba shimo, hutandika udongo wa mfinyanzi chini, hujaza mabua ya ngano, mboji na udongo, kisha huotesha nyasi juu. Pampu hujaziwa hapo na kuoshewa hapo, vidudu wakala wakashiba. Sisi mabua ya mahindi tunayo, samadi tunayo. Kikundi kitakachotaka kujaribu kichague pahali mbali na kisima na bwawa, pasipopita maji ya mvua, kiezeke makuti juu, na kizungushie ua watoto na mbuzi wasifike.